Mkeka Wangu Juu ya Vichwa Vyao

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni Fuatino, mwalimu wa shule ya Jumapili kwa miaka kumi na tisa, msusi wa mikeka, na sasa mjane. Mwezi wa pili mwaka ule kimbunga kiliondoka na paa la jiko letu. Mwezi wa tano nguruwe wetu wanne wakafa ndani ya siku tatu. Mwezi wa tisa, Jumamosi jioni, pikapu ikamgonga mume wangu Iakopo akitoka kituo cha basi na jora la kitambaa cheupe begani, kitambaa cha kuwashonea watoto nguo za Jumapili Nyeupe, sikukuu yao kanisani. Alifia pale pale barabarani.

Dereva aliyekutwa pale ni Alapati, kijana wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Siku moja baada ya mazishi, ukoo wake ulikuja kufanya ifoga, yaani kupiga magoti uani kwetu chini ya mkeka tangu alfajiri, wakisubiri tuuinue tuwasamehe. Wiki jana niliishia hapo. Nilifungua kamba moja moja, nikashusha mapazia yote ya makuti, ambayo kwetu ndiyo kuta, nikakaa ndani gizani kama kuku anayeatamia. Saa sita wakaondoka na mkeka wao.

Tangu habari hiyo itoke nimepata ujumbe mwingi. Mama mmoja ameniambia mtu mwenye roho kama yangu hafai kusogezwa karibu na watoto wa Mungu. Asante, mama. Soma kwanza ya leo, halafu uandike tena.

Maana nakiri: walipoondoka nilifurahi. Nilikula magimbi mawili, na nilikuwa sijala tangu mazishi.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Kwetu baragumu la jioni likipulizwa kila mtu yuko nyumbani kwake kwa sala, na sala ikianza hakuna anayesogea. Hata shemeji yangu Ropati, mdogo wake Iakopo, ambaye Biblia anaijua kwa rangi ya jalada tu, aliwahi kuumwa na nyigu shingoni katikati ya sala na hakutikisika mpaka amina. Mama yake alimfunza hivyo kwa fimbo, na fimbo ile haijamtoka.

Tangu msiba, sala ya nyumba yetu alikuwa akiiongoza mdogo wangu wa kiume, Setefano, shemasi wa kanisa la kijiji nilikozaliwa. Siku Iakopo alipokufa sikuwahi kutuma mtu kumwita Setefano. Nilishtukia tu ameshafika, nguo zimelowa, paji la uso limechubuka. Alisema ameanguka kwenye mawe ya mto akiwahi. Nikamshukuru Mungu kwamba angalau jambo moja mwaka huo amelifanya kwa wakati.

Kwetu kaka na dada wana agano. Ndugu wa kiume hali kabla dada yake hajala, hampandishii sauti, na akiguswa dada yeye ndiye wa kwanza kusimama. Setefano alilishika agano hilo kuliko wote. Ndiyo maana alinichosha sana wiki zile.

Tatizo lilikuwa ile sala ya Bwana. Kila tukifika kwenye mstari wa kusamehe, mimi nilikuwa nafunga mdomo. Nilikuwa nawachukia watu waziwazi, nikaona nisimdanganye Mungu usoni. Setefano naye akajizoeza kijitabia cha kuningoja. Akifika pale anakata sauti, na nyumba nzima inakata naye. Anavuta pumzi tatu. Akiona sisemi, anaendelea.

Pumzi tatu, kila jioni, watu wazima na watoto wote wananitazama pembeni ya macho.

"Dada, leo tena umenyamaza," aliniambia jioni moja tukiwa tumeketi kula.

"Nilikuwa nameza mate."

"Siku kumi na moja unameza mate pale pale?"

"Setefano, wewe ni shemasi au ni askari wa mdomo wangu?"

Hakucheka. Zamani angecheka. "Wakija tena utafanyaje?"

"Nitashusha mapazia. Sasa hivi nazijua kamba zote."

"Yule kijana alimpakata Iakopo kichwa mpaka mwisho. Angeweza kukimbia, dada."

"Bora angekimbia. Ningemchukia vizuri, bila kusumbuliwa."

Akaitazama sahani yake. Nilikuwa nimempakulia shelisheli na samaki, na chakula kilikuwa kama nilivyokiweka. "Labda mkeka wao ulikuwa hafifu," akasema. "Watu wamesema uliletwa mkeka wa kukalia wageni."

"Ulikuwa hafifu. Umesukwa na mtu mwenye haraka ya kwenda sokoni. Lakini hata wangeleta wa kuzikia machifu, ningeshusha mapazia vile vile. Na wewe kama unamwonea huruma sana huyo Alapati, kamsamehe wewe. Mume hakuwa wako."

Akainuka akaenda kulala bila kuniaga. Nikasema moyoni, haya, huyu naye ananinunia. Mwaka mzima ulikuwa hivyo, kila niliyemshika mkono ananiachia njiani, na Mungu akiwa wa kwanza kwenye orodha. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, nikiwa nimelala chali natazama dari.

Walikuja tena Jumamosi.

Nilitoka alfajiri kuwasha moto wa kakao nikawakuta wamekaa uani, watu kama thelathini, vichwa chini. Mbele yao walikuwa wamepanga kuni, mawe ya kupikia na majani ya migomba. Kila mtu kwetu anajua maana yake: sisi hapa, mkitaka tupikeni. Mbele kabisa, karibu na ngazi yetu, kulikuwa na watu wawili wamepiga magoti chini ya mkeka mmoja. Ilikuwa bado giza giza, sikuona zaidi ya vivimbe viwili.

Nikarudi ndani kumwamsha Setefano. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa, mto juu yake.

Niliudhika sana. Wiki mbili mtu ananihubiria usiku na mchana, halafu siku ya kazi yenyewe hayupo. Nikadhani amekwenda kuvua ili asiione aibu yangu.

Aliyekuwa macho ni Mzee Lauvai, baba mdogo wa marehemu mume wangu na chifu wa ukoo wetu. Alikuwa ameketi ameegemea nguzo yake ya uchifu, fimbo mapajani.

"Fuatino, umewaona?"

"Nimewaona, baba."

"Mara ya kwanza nilikuachia. Nilisema, ukoo ni wangu lakini mume alikuwa wako, na nikiinua mkeka bila wewe utanichukia mpaka kaburini, na mimi kaburi langu haliko mbali. Lakini nisikilize. Watu hawaji mara ya tatu. Jua likipita ule mshelisheli, mimi naenda nyumba ya nyuma kunywa kakao yangu. Yatakayotokea uani hapa hayatakuwa yangu."

Sikuhitaji kuuliza yatakuwa ya nani. Ropati alikuwa ameketi kwenye ngazi, panga limelala juu ya magoti.

"Shemeji, weka hilo panga," nikamwambia.

"Nataka kukata nazi."

"Nazi iko wapi?"

"Inakuja."

"Ropati."

"Shemeji, wewe kaa. Wewe umeamua kutosamehe, na mimi nakuunga mkono. Kila mtu na kazi yake."

Hapo ndipo nilipoona kile nilichokuwa nimekataa kukiona. Hasira yangu mimi nilikuwa naipika ndani ya nyumba, lakini aliyekuwa anakula ni Ropati. Nikishusha mapazia tena, kijana wa watu anakatwa na Ropati anafungwa maisha, na mama mkwe wangu aliyezika mtoto mmoja anapoteza wa pili. Nilijua hivyo. Na bado mguu wangu haukutaka kwenda uani. Kujua ni kitu kimoja, na mguu ni kitu kingine.

Saa mbili akaja mama mchungaji na mwavuli wake wa maua na sufuria imefunikwa kitambaa. Akapita katikati ya wale watu kwa adabu, ameinama, akapanda, akaketi karibu nami.

"Nimeleta mchuzi wa nyama ya kopo," akasema. "Usipokula wewe, nitakula mimi."

"Mama, kama umekuja kuniambia Bwana ana makusudi, kunywa kakao kwanza."

"Sikuja kusema hivyo."

"Wote wamesema hivyo. Nawauliza, makusudi gani hayo yanayohitaji paa la jiko, nguruwe wanne na mume? Angechukua nguruwe akaacha mtu. Angechukua paa mara mbili. Mimi nimemfundishia watoto miaka kumi na tisa bila mshahara, na mwaka mmoja tu niliomba apite mbali, ndio akahamia kwangu."

"Sijui," akasema mama mchungaji.

Nikageuka kumtazama. Sikuwahi kumsikia mtu wa kanisa akisema sijui.

"Nilizika watoto wawili kabla hatujahamishiwa huku," akaendelea, akichovya gimbi kwenye mchuzi. "Mwaka mzima sikusali. Nilikuwa mke wa mchungaji, kwa hiyo niliimba, maana kuimba unaweza hata kama huamini. Watu wakasema ona alivyo imara. Kumbe nilikuwa nimekasirika tu kwa sauti ya pili."

"Halafu ikawaje?"

"Halafu siku moja nikajikuta nasali. Usiniulize siku gani. Sikupewa jibu lolote, Fuatino. Nilichoka tu kukasirika peke yangu, nikaona afadhali nimkasirikie mtu aliyepo."

Nilicheka. Ni mara ya kwanza tangu Iakopo afe, na nikaona aibu, maana uani kulikuwa na watu thelathini wanaolia.

Ndipo mvua ikashuka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika yote kwa pamoja. Wale watu hawakusogea hata mmoja. Mbele yao Mzee Onosai, babu yake Alapati, mzee wa miaka themanini na ushee, aliachia mvua impige kichwani. Maji yakaanza kukimbia kati ya yale mawe ya kupikia.

"Wataugua," akasema mama mchungaji.

"Waende kwao."

Lakini mimi nilikuwa siwatazami wao. Nilikuwa nautazama mkeka.

Msusi hawezi kuona mkeka mzuri ukinyeshewa akatulia. Na huu ulikuwa mzuri, haukuwa ule wa mara ya kwanza. Sasa kwa kuwa kumekucha na maji yameulaza vizuri, niliuona: majani ya mkadi yamechanwa membamba kama uzi, manyoya mekundu pembeni. Nikasogea mpaka ukingo wa nyumba. Karibu na katikati ya mkeka ule kuna mstari. Upande mmoja msuko umebanwa sana na unaegemea kushoto. Upande wa pili umelegea kidogo na umenyooka.

Upande unaoegemea kushoto ni mkono wa mama yangu. Alikufa mkeka ukiwa nusu. Upande ulionyooka ni wangu, miaka mitatu ya macho yangu. Nilimkabidhi Setefano siku alipofanywa shemasi, nikamwambia, huu usitoke sandukuni mpaka siku ya kunizika mimi.

Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma. Setefano amewapa. Nimemwambia mkeka wao hafifu, naye akaenda akafungua sanduku, akawapa watu waliomuua mume wangu jasho la mama yetu wajifunike. Sasa nikaelewa kwa nini ametoweka asubuhi.

"Fuatino, unakwenda wapi?" akauliza mama mchungaji.

Niliruka ngazi, nikampita Ropati, nikaingia kwenye mvua. Nilisema, nakumbuka vizuri nilichosema, nilisema "leteni mkeka wangu." Lakini mvua ile ingezima hata kengele ya kanisa, na hakuna aliyenisikia. Nikaushika pembe mbili, nikauvuta.

Ulikuwa mzito wa maji. Ukatoka.

Nikasikia kilio kikipanda nyuma ya mvua, watu thelathini kwa pamoja, wanawake wamefunika nyuso. Mzee Onosai akaanguka kifudifudi kwenye matope akisema asante, asante. Na juu, kutoka kwenye nguzo yake, sauti ya Mzee Lauvai, ile sauti ya kuhutubia ambayo mvua haiiwezi:

"Mkeka umeinuliwa. Mjane ameuinua kwa mkono wake. Yamekwisha."

Yamekwisha nini? Mimi sikumsamehe mtu. Nilikuwa nachukua mali yangu. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, nikiwa nimeukumbatia mkeka kifuani, na hapo ndipo nilipotazama chini.

Wa kwanza alikuwa Alapati. Nilikuwa nimemwona kwa mbali tu mazishini. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kichwa kimenyolewa, macho ameyafumba kabisa kama mtu anayengoja kupigwa.

Wa pili alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, na paji lake la uso lilikuwa na alama ya mchubuko uliokuwa unapona.

"Toka hapo," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa. "Umekuja kuwafundisha kupiga magoti?"

"Hapa ndipo mahali pangu, dada," akasema Setefano.

"Acha mchezo. Watu wanatuangalia."

"Usukani ulikuwa kwangu."

Mvua ilikuwa nyingi, nikajiambia sikusikia. Yeye akarudia.

"Usukani ulikuwa kwangu siku ile. Alapati alikuwa ananifundisha kuendesha. Tulitoka shambani, jua liko machoni. Niliona kitambaa cheupe tu. Nilipokanyaga breki, nilikanyaga sicho. Nikashuka nikaona ni Iakopo, nikakimbia. Nilipita mtoni. Sikujua nakimbilia wapi mpaka nilipojikuta kwako."

Kwangu. Alikimbilia kwangu. Mimi nikampa nguo kavu za Iakopo avae.

"Na huyu?" nikauliza, nikimwonyesha Alapati kwa kidevu.

Alapati akafumbua macho. "Mimi nilibaki, mama. Alikuwa bado anapumua. Shemasi alinitumia neno kwamba atakwambia mwenyewe, nikasema sawa, ni dada yake, na amwambie yeye. Polisi waliniuliza nikanyamaza. Nikamngoja." Akapangusa maji usoni. "Nimemngoja mpaka nimechoka."

"Siku kumi na nne," akasema Setefano. "Kila asubuhi niliamka nikasema leo. Kila jioni nikashindwa."

Kila jioni. Nikaziona zile pumzi tatu. Nikamwona ameketi mbele ya familia yangu, Biblia mkononi, anafika kwenye ule mstari, anakata sauti, anangoja nione kama nitasema, na mimi nafunga mdomo. Wakati wote ule alikuwa anapokea jibu langu, na ni yeye tu aliyejua kwamba lilikuwa lake.

Ningependa kuwaambia nilimwonea huruma. Wasomaji wengine mngependa hivyo. Nilitamani kumpiga mateke. Nilitamani Alapati awe ndiye muuaji, yule yule niliyemzoea, nirudi kumchukia kwa amani. Hata adui yangu nilikuwa nimenyang'anywa, na badala yake nikapewa mtu niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani.

"Nimesikia sawasawa, shemeji?"

Ropati alikuwa ameteremka ngazi. Nilipogeuka alikuwa hatua saba, nane kutoka kwangu, panga limening'inia mkononi, maji yanachuruzika kwenye ncha.

"Ni huyu?" akasema. "Huyu aliyekuwa anatusalisha? Aliyekula chakula cha msiba wa kaka yangu?"

"Ropati," Mzee Lauvai akaita kutoka juu, "mkeka umeshainuliwa."

"Umeinuliwa kwa Alapati, baba. Huyo nimemwachia, namheshimu. Huyu hatukuombwa kumsamehe. Nani alijua yuko chini ya mkeka? Wewe ulijua?"

Mzee Lauvai akaigeuza fimbo yake mapajani.

"Basi tumuulize aliyeinua." Ropati akaja hatua nyingine mbili, bila haraka. "Shemeji, sema tu. Ulipouinua mkeka ulikuwa unawasamehe? Ukisema ndiyo, narudi kwenye ngazi, nakaa. Ukisema hapana, usijisumbue kushusha mapazia."

Uani pote watu walinyanyua nyuso. Thelathini wa ng'ambo ya mto na sisi wa huku, wote macho kwangu. Na mimi mwalimu wa shule ya Jumapili, niliyewachapa watoto viganja kwa kusema uongo, ningesema nini? Ukweli ulikuwa kwamba niliutaka mkeka wangu. Ukweli huo ungemuua mdogo wangu. Na uongo ambao ungemwokoa ulikuwa ndio ule ule mstari nilioukataa siku kumi na nne kwa sababu sikutaka kumdanganya Mungu.

"Dada," Setefano akasema, "usinisemee. Sema lililo kweli." Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa matope, shingo wazi.

Ropati akaja hatua nyingine.

Hapo mama mchungaji akaanza kusali.

Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa nyumba, mwavuli ameuacha, mvua inampiga, na alianza ile sala ya Bwana kwa sauti ya juu kama anaongoza kanisa zima. Vichwa vyote vikainama. Ilikuwa asubuhi, hakuna baragumu lililopigwa, lakini sala ni sala. Na Ropati, kwa hofu ya Mungu na ya fimbo ya mama yake, akasimama palepale mguu mmoja mbele, kichwa chini, panga mkononi. Alikuwa hatua nne nyuma yangu. Nilisikia anavyohema.

Watu wakaipokea sala, wa kwetu na wa kwao, ikawa sauti moja. Mama mchungaji aliiendesha taratibu, kila neno ameliburuta, lakini sala yenyewe ni fupi, na mwanamke yule hata angeiburuta vipi ingefika amina.

Nikasali na mimi, yangu ya pembeni. Nilisema, Bwana, kama uko uani hapa, umechelewa sana, na mimi na wewe bado hatujamalizana. Lakini njoo. Peke yangu siwezi hata kudanganya.

Halafu wakafika kwenye ule mstari.

Mama mchungaji, aliyewahi kusali nasi jioni za msiba, akakata sauti. Wa nyumbani kwangu wakakata naye, kwa mazoea ya wiki mbili, na wale wa ng'ambo ya mto, wasiojua kwa nini, nao wakanyamaza. Ikabaki mvua. Chini ya miguu yangu mdogo wangu hakuinua kichwa, lakini niliuona mgongo wake ukipanda na kushuka ndani ya shati lililolowa. Alikuwa anahesabu.

Pumzi ya kwanza ikapita, na ya pili nayo ikapita, nyuma yangu Ropati akabadilisha mkono wa kushikia panga, na mimi nikiwa nimeukumbatia mkeka wa mama nikafungua mdomo kwenye mstari ule, mara ya kwanza tangu msiba.